Fundi wa Nyakato aliyekataa kufungua hedi ya Forester yangu

Nauza nyuzi na nyavu Mwaloni Kirumba hapa Mwanza, na kila baada ya wiki mbili napeleka mzigo kwa wateja wangu wa Lamadi na Bunda. Gari ni Subaru Forester ya turbo, ile SG5. Najua mtasema ningenunua Noah. Nimeshaambiwa sana.

Tangu Februari lilikuwa linakunywa kulanti, yaani maji ya kupozea injini. Chini halidondoshi tone, moshi mweupe hautoki, oili haijageuka maziwa, lakini kila Jumamosi naongeza nusu lita. Siku moja nafika Nyanguge, mshale wa joto ukapanda hadi kwenye nyekundu. Nikakaa chini ya mti kusubiri lipoe kama niko msibani. Fundi wa kwanza (simtaji, na gereji yake siitaji) alichungulia dakika tano, akasema gasketi ya hedi (inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku) imekufa, injini ishuke, milioni moja na laki nne. Nilipomwambia sina, akang'oa thamostati (vali inayofungulia maji yaende kwenye rejeta) "gari lipumue", akajaza maji ya bomba. Wiki moja likatulia, ila likawa linakula mafuta kama lori. Kisha likachemsha tena.

Jirani yangu wa kizimba ndiye aliyenielekeza kwa huyu wa Nyakato. Kitu cha kwanza alichofanya ni kunifukuza. "Mayu, injini ya moto mimi sifungui mfuniko. Liache, njoo kesho asubuhi." Nilinuna, nina mzigo unanisubiri.

Kesho yake hakushika spana. Aliuliza. Linapungua likitembea au likizimwa? Ukishalizima unasikia harufu? Siku ile ya Nyanguge uliwasha hita? Nani anawasha hita Mwanza! Ila kweli niliiwasha, kaka yangu aliniambia kwa simu, ikanipulizia upepo wa baridi. Akasema basi maji yalikuwa yameshuka mno, hayafiki hata kwenye hita. Na harufu? Ndiyo, nikishaegesha nyumbani Kiseke, kama shira inayokaribia kuungua. Akatabasamu kidogo. Nadhani hapo alishajua.

Akafunga pampu ya mkono yenye geji mahali pa mfuniko, akapiga hadi 15, akaenda kunywa chai. Baada ya nusu saa geji inasoma 12, maana yake presha inatoroka mahali, ila chini pakavu. Halafu akaleta kichupa chenye dawa ya bluu, akawasha injini, akawa anavuta hewa ya kwenye rejeta ipite ndani ya ile dawa. Moshi wa injini ukiwa unavujia kwenye maji, bluu inageuka njano. Tuliikodolea macho kama wazazi wanaosubiri matokeo ya darasa la saba. Ikabaki bluu. Milioni yangu na laki nne nikaiona inarudi mfukoni, ingawa haikuwahi kuwemo.

Ndipo akafungua intakula ya juu, ile inayopoza hewa ya turbo, na kumulika tochi. Kuna hozi fupi inayotoka kwenye turbo kwenda kwenye tangi dogo la chuma. Chini ya klipu ilikuwa na ukoko wa kijani, kama magadi. Alipoipinda, ufa ukafunguka kama mdomo wa sato. Alivyonieleza ni hivi: ukizima injini, pampu ya maji inasimama lakini turbo bado inaunguza. Maji yaliyomo yanapanda yenyewe kwa joto kupitia hozi hiyo. Kwa hiyo inapikwa zaidi wakati mimi nimeshaingia ndani navua viatu. Kinachovuja kinaangukia chuma cha moto, kinakuwa mvuke, ndiyo maana sakafu haikuwahi kulowa.

Akagundua na jingine. Vifuniko viwili, cha tangi na cha rejeta, havina nguvu sawa, na yule fundi wa kwanza alikuwa amefunga kila kimoja mahali pa mwenzake. Huku kwetu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuriani yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kwenye injini yanazuiwa na presha, na presha inashikwa na mfuniko.

Nimelipa: vipimo 40,000, hozi na klipu 55,000, thamostati mpya 60,000, kulanti 48,000, ufundi 70,000. Kutoa hewa iliyonasa kwenye njia za maji peke yake kulichukua saa nzima, pua ya gari imepandishwa kwenye mwinuko, hita imewashwa, anajaza kidogo kidogo mpaka mapovu yakaisha.

Kasoro zipo. Pa kukaa hakuna, nilikaa juu ya tairi. Bodaboda aliyetumwa dukani alileta hozi ya petroli, nusu siku ikapotea. Na kijana wake alimwaga kulanti ya zamani mtaroni, mbuzi wanapita palepale. Ile kitu ni tamu na ni sumu. Nilimwambia, akanitazama tu.

Nampa nyota nne. Chupa ya akiba niliichora mstari kwa rangi ya kucha, nimeshaenda Bunda mara tatu na maji bado yako kwenye mstari. Ukienda, lipeleke jioni lilale hapo. Ukifika nalo asubuhi likiwa la moto atakufukuza kama alivyonifukuza mimi.