Uzoefu wangu na Transition ya Vue kwenye simu za wafanyabiashara wa Kigoma

Ninatengeneza tovuti hapa Kigoma mjini, na wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa dagaa na mawese, ambao hupokea na kufunga oda kwenye simu wakiwa mwaloni Kibirizi au sokoni Mwanga. Kurasa zao nazijenga kwa Vue toleo la 3, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa za wavuti. Katika yote yaliyomo humo, ninayoithamini kuliko nyingine ni komponenti (kipande kilicho tayari kutumika) ya Transition, ambayo huifanya sehemu ya ukurasa iingie na kutoka kwa mwendo unaoonekana badala ya kuibuka na kupotea ghafla.

Kuingiza kitu kwa mwendo si kazi kubwa, kwa kuwa CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa, peke yake inaliweza hilo. Ugumu uko kwenye kutoka. Elementi, yaani kitu kimoja cha ukurasa kama safu au kitufe, ikishaondolewa, kivinjari hakina tena cha kuchora, hata ukiwa umeiandikia mwendo mzuri kiasi gani. Transition huuchelewesha uondoaji huo: huipa elementi klasi (jina ambalo CSS huitambulia) ya v-leave-active, hungoja mpito wa CSS umalizike, ndipo huiondoa kweli. Mfanyabiashara akigusa kitufe cha "Imelipwa" kwenye oda ya magunia mawili ya dagaa, safu ile huteleza kuelekea kulia huku ikififia, naye anaona kwa macho yake ni oda ipi iliyofungwa. Safu ikipotea ghafla, ya chini yake hupanda papo hapo na kukaa pale pale kidole kilipo, na mtu hubaki hana uhakika ni ipi aliyoigusa. Kwa anayeshughulika na fedha za watu, shaka hiyo si jambo dogo.

Kwa orodha nzima kuna TransitionGroup, ambayo huzisogeza taratibu safu zilizobaki ili kuziba pengo. Ndani yake hutumia mbinu inayojulikana kama FLIP: hupima mahali kila safu ilipokuwa, hupima inapokwenda, huirudisha ilikotoka kwa transform (sifa ya CSS ya kusogeza kitu kwa macho tu), kisha huiachia isafiri. Ina masharti mawili ambayo anayeanza anapaswa kuyajua mapema. Kila safu iwe na ufunguo wake wa kudumu, kwa mfano namba ya oda, wala si nafasi yake kwenye orodha. Na safu inayotoka ipewe position ya absolute, inayoitoa kwenye mpangilio wa kawaida wa ukurasa, la sivyo itaendelea kushikilia nafasi yake na wenzake hawatasogea hadi imalize kuondoka, kisha wataruka kwa mkupuo.

Hata hivyo, Vue haikuchagulii mwendo ulio mwepesi, na hapo ndipo simu za bei nafuu zinapotofautiana na kompyuta ya fundi. Ili mwendo uonekane laini kwa fremu (picha) 60 kwa sekunde, kila fremu ina takribani milisekunde 16.7 tu. Ukibadilisha height (urefu) au top (umbali kutoka juu), kivinjari hulazimika kupanga upya ukurasa katika kila fremu, na simu yenye uwezo mdogo huanza kukwama. Opacity (kiasi cha kufifia) na transform hazihitaji upangaji huo, kwa hiyo natumia hizo mbili tu. Maelezo ya oda yanayofunguka chini ya safu nayafungua kwa urefu wake wote mara moja, kisha maandishi ndiyo yanayojitokeza polepole, na sijaona mteja aliyelalamika kukosa kitu.

Muda nao ni suala la kupima kwa mtumiaji halisi. Mimi hutoa milisekunde 200 za kuingia na 150 za kutoka. Mwendo wa milisekunde 500 hupendeza ukiuona mara moja, lakini humchosha mtu anayefunga oda moja baada ya nyingine huku boti ikisubiri kupakia mzigo.

Kuna pia watu ambao mwendo kwenye kioo huwaletea kizunguzungu au kichefuchefu, na Android ina mpangilio wa kuondoa uhuishaji kwa ajili yao. Kuuheshimu mpangilio huo ni juu ya anayeandika CSS, kupitia prefers-reduced-motion, sharti la CSS linaloangalia kama mtumiaji ameomba mwendo upunguzwe. Ni mistari michache, na ningependa kuiona katika kila tovuti.

Anayejifunza kwa mifano ya zamani aangalie majina. Klasi iliyoitwa v-enter katika toleo la 2 ikawa v-enter-from katika toleo la 3 lililotoka mwaka 2020, na ukiandika jina la zamani hupati onyo lolote; mwendo haufanyiki tu. Kwa upande wa bando hakuna hofu kubwa, maana komponenti hizi zimo ndani ya Vue yenyewe na hazihitaji kupakua maktaba nyingine.

Sehemu moja nimeiacha bila mwendo wowote, nayo ni jumla ya fedha iliyo juu ya ukurasa. Namba inayopanda polepole kutoka kiasi cha zamani hadi kipya huonyesha njiani tarakimu ambazo si za kweli, na mtu anayehesabu mauzo yake anahitaji kuiona jumla sahihi mara tu anapoinua macho.