Programu ya Nuru katika mashamba ya mihogo ya Busia
Programu ya PlantVillage Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State kwa ushirikiano na watafiti wa IITA (Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki), humwezesha mkulima wa Busia kuelekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo na kuambiwa papo hapo, hata pasipo intaneti, iwapo lina dalili za magonjwa ya batobato au michirizi ya kahawia. Naithamini sana, hasa kwa kuwa inatumia Kiswahili. Hata hivyo, haichimbi muhogo kuona uozo ulio ndani, wala haijui ni jirani yupi mwenye vipando safi. Kazi hiyo ingali ya afisa wa kilimo wa nyanjani, na serikali ya kaunti isiifanye programu hii kisingizio cha kumpunguza.