Uzoefu wangu: kutengenezewa vigae vya lami vilivyong'olewa na upepo, Cedar Rapids, Iowa

Nimeridhika na ukarabati wa paa uliofanywa nyumbani kwetu Cedar Rapids mwezi wa Mei, ingawa yapo mambo mawili ambayo fundi angeyafanya vizuri zaidi na nitayataja. Ninaeleza kwa kirefu kwa sababu familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa kutoka Congo na Burundi, zimehamia eneo hili la mashariki mwa Iowa na kununua nyumba, na nyumba nyingi za hapa zimeezekwa kwa vigae vya lami, ambavyo sisi tuliokulia chini ya mabati tunakutana navyo kwa mara ya kwanza siku tunapokabidhiwa funguo.

Bati likitoboka, mwanga hupenya na maji hudondoka palepale. Kigae cha lami hakijulishi ubovu wake namna hiyo. Ni utando wa nyuzi za kioo uliopakwa lami na kunyunyiziwa chembechembe za mawe upande wa juu, ambazo huikinga lami isichakazwe na jua. Vigae hupangwa kutoka chini kwenda juu, safu juu ya safu, kama magamba ya samaki, ili maji ya mvua yatiririke bila kulifikia tundu la msumari. Kila kigae kina pia utepe wa gundi, ambao hulainika kwa joto la jua na kukishikamanisha na kigae cha safu inayofuata. Misumari hukizuia kigae kisiteleze, na utepe wa gundi hukizuia kisifunuliwe na upepo. Kimojawapo kikikosekana, paa litaendelea kupendeza machoni mpaka siku upepo utakapovuma kwelikweli.

Kwetu vyote viwili vilikuwa na kasoro. Upepo wa Aprili uling'oa vigae kadhaa upande wa magharibi, na vingine viliteleza inchi mbili hivi, vikauacha wazi utando mweusi unaotandazwa juu ya mbao kabla ya kuezeka. Darini hapakuwa na maji, kwa sababu utando huo ulikuwa bado mzima, lakini haukutengenezwa kwa ajili ya kukaa juani na mvuani kwa muda mrefu.

Kilichonishangaza ni kwamba paa lenyewe si la zamani. Tarehe 10 Agosti 2020 dhoruba kubwa ya upepo iliivuka Iowa kutoka magharibi kwenda mashariki, na hapa mjini wataalamu wa hali ya hewa walikadiria kwamba kasi yake ilifikia kilomita 225 kwa saa. Mapaa yaliharibika mtaa baada ya mtaa, mafundi wakaja kutoka majimbo mengine, na turubai za buluu zikabaki juu ya nyumba kwa miezi. Stakabadhi tuliyoachiwa na mwenye nyumba wa kwanza inaonyesha kwamba paa letu liliezekwa Novemba ya mwaka huo, na mwezi huo una maana kubwa. Utepe wa gundi unahitaji joto ili ushike. Vigae vikipigwa wakati wa baridi vinaweza kukaa hadi majira ya kuchipua bila kushikana, na muda wote huo vumbi huingia kati ya safu. Gundi iliyokwisha kuvaa vumbi huenda isishike tena hata jua la Julai likiipiga. Ndiyo maana watengenezaji huagiza kwamba kwenye baridi kila kigae kitiwe gundi kwa mkono. Katika vigae vyetu vyote vilivyofunuliwa, hakikupatikana hata kimoja chenye alama ya gundi hiyo.

Kampuni ya kwanza kulitazama paa, ambayo sitaitaja, ilimtuma kijana aliyekuwa akibisha hodi nyumba kwa nyumba. Alikaa juu kwa muda mfupi, akashuka na kusema kwamba paa zima halina budi kubadilishwa, na kwamba ile sehemu ya gharama ambayo bima hututaka tujilipie wenyewe, kampuni yake ingetusamehe. Jambo hili ndugu zangu walizingatie: sheria ya Iowa inawakataza wakandarasi wa nyumba kuahidi kurudisha fedha hizo ili wapewe kazi. Kwa mkataba wetu wa bima, madai ya upepo na mvua ya mawe hututaka tutoe kwanza asilimia 1 ya thamani ya nyumba iliyokatiwa bima, kiasi ambacho kilikuwa kikubwa kuliko gharama yote ya ukarabati. Dai letu lisingetuletea hata senti moja, na bado lingeandikwa katika kumbukumbu zetu za bima.

Fundi tuliyemchukua ni mkazi wa hapa na anafanya kazi na msaidizi mmoja. Nilimwamini kwa sababu kabla ya kutaja bei alifunua vigae vichache, akapiga picha na kunionyesha vichwa vya misumari. Vigae vyetu ni vya aina ya tabaka mbili zilizogandishwa pamoja. Kuna ukanda mwembamba ambapo tabaka hizo hupandana, na msumari ukipigwa hapo hushika tabaka zote mbili pamoja na ukingo wa juu wa kigae cha safu ya chini, kiasi kwamba kila kigae hushikwa na misumari yake minne na mingine minne ya safu iliyo juu yake. Kwenye picha, misumari yetu ilikuwa imepigwa karibu inchi nzima juu ya ukanda huo. Ilishika tabaka moja tu, na haikukigusa kabisa kigae cha chini. Aliyeezeka alikuwa na haraka, na kwa kuwa kigae cha juu hufunika kila kitu, hakuna ambaye angeweza kuiona kasoro hiyo akiwa amesimama uani.

Alianza kazi asubuhi, kabla jua halijalipasha paa. Lami ikiwa na ubaridi kiasi, gundi huachia kwa kukatika. Ikipata moto hunata na kuvutika, na kigae huchanika kinapobanduliwa. Baridi kali nayo haifai, maana kigae huvunjika kikikunjwa. Alipitisha mtarimbo bapa chini ya kigae cha juu ya kile kibovu, akakibandua taratibu, kisha akabandua na cha safu ya tatu. Hatua hii ya pili ndiyo inayorukwa na wenye haraka. Misumari ya kigae kibovu hufunikwa na safu ya pili, lakini misumari ya safu ya pili, ikiwa imepigwa inavyotakiwa, hupita pia kwenye ukingo wa kigae kibovu, na haifikiki mpaka safu ya tatu ifunuliwe. Mtu akikivuta kigae bila kuitoa misumari hiyo, huvichana vile vizima na kuongeza kazi.

Baada ya kung'oa misumari alitelezesha kigae kipya mahali pake na kupima sehemu inayobaki wazi, ambayo kwa vigae vya ukubwa huu ni inchi 5 na sehemu 5 za 8. Alipiga misumari sita badala ya minne, yote ndani ya ukanda. Kila kichwa kililala sawa na uso wa kigae, kwa sababu kikizama hukikata kigae, na kikichomoza hukitoboa kile cha juu yake. Halafu akaweka madoa manne ya gundi ya lami kutoka kwenye mrija, kila doa likiwa na ukubwa wa sarafu ya senti 25, akakandamiza kwa kiganja. Nilimuuliza kwa nini asipake gundi nyingi zaidi ili tuwe na uhakika, naye akanieleza kwamba ikizidi, viyeyusho vilivyomo hulainisha lami ya kigae chenyewe na kukifanya kifure malengelenge. Mrija uliandikwa ASTM D4586, kiwango cha gundi ya lami ya mapaa isiyo na asbesto, na ningemshauri anayenunua mwenyewe dukani aitafute namba hiyo kabla ya kutazama bei.

Kuhusu rangi, alitumia busara ambayo sikuitarajia. Vigae vipya vilikuwa vimekolea kuliko vile vilivyopigwa na jua kwa miaka, kwa hiyo alihamisha vigae vya zamani vilivyokuwa vizima kutoka nyuma ya gereji, akavipiga upande unaoonekana kutoka barabarani, na vile vipya akavipeleka huko nyuma. Kazi iliongezeka, lakini hakutudai zaidi ya bei tuliyokubaliana, dola 780.

Malalamiko yangu ni haya. Kwanza, hakupitisha sumaku kwenye nyasi baada ya kazi, na tuliendelea kuokota misumari mahali ambapo watoto hucheza. Kwa fundi makini kiasi hicho, upungufu huo ni mkubwa. Pili, stakabadhi yake iliandikwa mstari mmoja tu, "ukarabati wa paa", bila kutaja upande, idadi ya vigae wala aina yake. Nilimwomba aiandike upya na kuambatanisha picha, akafanya hivyo bila kinyongo. Karatasi hiyo tunaihitaji tutakapouza nyumba, na pia bima ikituuliza, kwa kuwa dhamana ya mtengenezaji wa vigae kwa kawaida haifidii makosa ya upigaji wa misumari.

Upande wa mashariki una misumari iliyopigwa vibaya vilevile, ila vigae vyake havijateleza. Fundi hakushauri kuvifumua. Anapendekeza vitiwe gundi kwa mkono, safu kwa safu, hewa ikiwa na joto la wastani, na tumekubaliana aje mwanzoni mwa Septemba, kabla baridi haijaikuta gundi ikiwa mbichi.