Farasi 6 kwenye boti ya futi 12: uzoefu wangu na mashine ndogo, Ghuba ya Kisumu

Kwa boti ya faiba ya futi 12 inayofanya kazi kati ya ufuo wa Dunga na vizimba vya samaki, mashine (injini ya kufunga nyuma ya boti) ninayoikubali ni ya nguvu ya farasi 6, fo-stroki (isiyochanganywa oili kwenye petroli), silinda moja, mguu mfupi, yaani sehemu inayoshuka majini na propela. Nimetumia za watengenezaji watatu za kiwango hiki, na tofauti baina yao ni ndogo kuliko wauzaji wanavyodai. Tofauti kubwa inaletwa na propela uliyofunga, kimo cha ubao wa nyuma, na unavyoitunza mashine kwenye maji yenye gugu na matope.

Nianze na nguvu, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Boti nzito isiyopanda juu ya maji, yaani inayoyakata badala ya kuteleza juu yake, ina mwendo wake wa mwisho, hata uifunge nini. Chukua urefu wa sehemu inayokaa majini kwa futi, tafuta kipeuo chake cha pili (namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa urefu huo), zidisha kwa 1.34, unapata noti. Boti ya futi 12 ina kama futi 11 majini, kwa hiyo ni noti 4.4, yaani kilomita 8 na kidogo kwa saa. Farasi 6 inafika hapo bila taabu ikiwa na watu watatu na gunia mbili za chakula cha samaki. Kuipandisha juu ya maji ni hesabu nyingine: mimi hukadiria farasi mmoja kwa kila kilo 25 za uzito wote. Boti kilo 120, watu watatu kilo 210, mashine na tangi kilo 40, mzigo kilo 50, jumla kilo 420. Hiyo inadai farasi kama 17. Ndiyo maana wanaonunua farasi 9.9 ili "iende mbio kidogo" huishia na mwendo uleule, mashine nzito zaidi, na mafuta yanayoisha mapema. Ukiwa peke yako ndani ya boti tupu 9.9 itakupandisha, lakini nani hufanya kazi na boti tupu? Nunua 6, au kama boti na ubao wake vinabeba, ruka moja kwa moja hadi 15 na upunguze mzigo kidogo.

Usipunguze nguvu ukidhani unapunguza uzito. Tohatsu, Suzuki na Yamaha hutengeneza farasi 4, 5 na 6 kwa injini ileile: sentimita 123 za ujazo kwa Tohatsu, 138 kwa Suzuki, 139 kwa Yamaha. Uzito unabaki kati ya kilo 24 na 28. Ukinunua 4 umebeba kilo za 6, na bei haishuki kiasi cha kufaa.

Sasa jambo ambalo dukani halitajwi kamwe. Ziwa Victoria liko mita 1,135 hivi juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na taabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Farasi 6 yako hapa Kisumu ni farasi 5.3. Ukiipeleka Naivasha, kwenye mita karibu 1,890, imebaki chini kidogo ya 5. Si ugonjwa, usimlipe fundi aitibu. Shida halisi ni propela. Mashine nyingi za kiwango hiki huja na propela ya pichi ya inchi 8, ile namba ya pili iliyogongwa kwenye kitovu. Pichi ni umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu. Kwa mzigo mzito na hewa nyepesi, inchi 8 ni kama kupanda kilima na gia ya nne. Unafungua resi yote lakini mizunguko haifiki kiwango cha mtengenezaji, ambacho kwa kawaida ni 4,500 hadi 5,500 au 5,000 hadi 6,000 kwa dakika. Injini inaguna, inachemka, plagi inakuwa nyeusi.

Dawa ni propela ya inchi 7, au hata 6 kama kila siku unabeba mzigo. Nunua pia kile kipimo kidogo cha mizunguko ambacho waya wake unazungushwa kwenye waya wa plagi. Ni bei ndogo na kinamaliza ubishi. Funga, pakia mzigo wako wa kawaida, fungua resi yote kwenye maji tulivu, soma. Ikiwa chini ya kiwango, shusha pichi. Ikiwa imepita kiwango, pandisha. Nilipotoka inchi 8 kwenda 7 mizunguko iliongezeka kwa mamia, na boti yenye mzigo ikawa inaondoka ufuoni kwa haraka bila kuguna.

Plagi ikizidi kuwa nyeusi hata baada ya propela sahihi, kabureta inatoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Mtengenezaji ana jeti kuu (kitundu cha kupitishia petroli) ndogo kwa maeneo ya juu, na kuibadilisha ni kazi ya nusu saa. Ila andika kwa rangi chini ya kifuniko kwamba jeti imebadilishwa. Mashine hiyo ikiuzwa Mombasa na jeti ya Kisumu, itafanya kazi na petroli kidogo mno na pistoni itaungua.

Urefu wa mguu upime mwenyewe, usimwachie muuzaji. Shusha kamba yenye jiwe kutoka juu ya ubao wa nyuma, mahali mashine itakapokaa, hadi usawa wa chini kabisa wa boti. Sentimita 38 ni mguu mfupi, sentimita 51 ni mrefu. Boti za mbao za hapa mara nyingi zina nyuma iliyoinuliwa na fundi seremala kwa kukisia, nimepima za sentimita 44 ambazo hazifai mguu wowote mpaka ubao ukatwe au uongezwe. Mashine ikishafungwa, lile bamba bapa lililo juu ya propela likae sawa na chini ya boti, au sentimita 1 hadi 2.5 chini yake. Likiwa juu, propela inakula hewa kila wimbi linapopita: resi inapaa, boti haiendi, na pampu ya maji inakosa maji. Likiwa chini sana unavuta mguu kama nanga, na kwenye ghuba hii yenye kina kifupi utachimba matope.

Kuhusu tu-stroki, zile za kuchanganya oili, sizidharau. Yamaha Enduro 15 inafunguliwa na fundi yeyote kwenye ufuo, na vipuri vyake huvikosi. Kwa wavuvi wanaokwenda mbali usiku ni chaguo la akili. Mchanganyiko wa 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili ya boti kwa kila lita ya petroli, na kwa mashine mpya 25 kwa 1, mililita 40, kwa saa za mwanzo kama kitabu kinavyosema. Oili iwe na alama ya TC-W3. Oili ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa kwa hewa, huacha masizi kwenye pistoni ya mashine inayopozwa kwa maji. Lakini kwa safari fupi za kusimama na kuondoka kando ya vizimba, fo-stroki inashinda. Haitoi moshi juu ya samaki, inanguruma polepole bila kuzima, na hutumia karibu lita 2 kwa saa resi ikiwa wazi, karibu nusu yake ukipunguza resi hadi katikati.

Gugu maji. Upepo wa alasiri huingia kutoka ziwani na kulisukuma hadi kuziba ufuo mzima, na asubuhi njia huwa imehama. Usilazimishe mashine kupita ndani yake. Mizizi inajisokota kwenye propela, na vipande vidogo vinaziba matundu ya kunyonyea maji yaliyo pembeni mwa mguu. Dalili ya kwanza ni mchirizi wa maji nyuma ya mashine: ukidhoofika, zima hapo hapo. Injini ndogo ikiendelea dakika chache bila maji, impela ya mpira (gurudumu la pampu ya maji) inaungua na kuvunjika mabawa, na vipande vyake hukwama kwenye njia za maji. Hapo hata impela mpya haitasaidia mpaka njia zifunguliwe. Zima, chomoa kamba ya usalama, inua mguu, ondoa gugu kwa mkono, safisha matundu kwa waya laini. Kabla ya kuingia penye gugu jingi inua mguu na utumie kasia.

Matope yanafanya uharibifu wa polepole zaidi. Maji ya ghuba yana udongo mwingi, na udongo ni kama msasa kwa impela na kikombe chake. Kitabu kikisema miaka mitatu, wewe badilisha kila mwaka, na nunua seti nzima yenye kikombe na gasketi. Maji yetu hayana chumvi, hivyo huna haja ya kusafisha mashine kila jioni kama watu wa Pwani, na kile kipande cha metali kilichofungwa mguuni ili kiliwe na kutu badala ya mashine kiwe cha magnesiamu au alumini. Cha zinki hujifunika utando kwenye maji yasiyo na chumvi na kuacha kufanya kazi.

Adui mwingine ni uzi wa nyavu. Unajizungusha nyuma ya propela, usiouona, unakata sili ya shafti, na maji yanaingia kwenye gia. Kila wiki mbili toa propela: pini ya kufungia, nati, washa, kisha ivute. Ondoa nyuzi zote, paka grisi shafti, rudisha kwa pini mpya. Oili ya gia ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia. Inachukua chini ya mililita 200 na hujazwa kutoka tundu la chini mpaka itokee la juu. Ukijaza kutoka juu unafungia hewa ndani. Badilisha vile vigasketi vya skrubu kila mara.

Udhaifu wa mashine hizi nauona katika mambo matatu. Silinda moja inatetemeka, na skrubu mbili za kubania zinalegea. Zikaze kila asubuhi, na ufunge mnyororo kutoka mashine hadi boti. Tangi la ndani ni la lita moja na kitu, kwa hiyo chukua toleo lenye tundu la tangi la nje la lita 12. Na fo-stroki hailazwi ovyo: kwa nyingi kuna upande mmoja tu, wenye vitegemeo vidogo vya mpira au plastiki. Ukiilaza vingine kwenye pikipiki, oili ya injini inaingia kwenye silinda. Ikitokea, usivute kamba kwa nguvu. Toa plagi, vuta taratibu mpaka oili itoke, ndipo urudishe.

Oili ya injini ni mililita 450 hadi 700 kutegemea mtengenezaji. Badilisha ya kwanza baada ya saa 10 au 20 kama kitabu kinavyoagiza, kisha kila saa 100. Petroli ya madumu ya ufuoni ichuje na uiache itulie, maji yatabaki chini.

Farasi 2.5 nafasi yake ni boti ya futi 8 ya mtu mmoja. Honda ya 2.3 inapozwa kwa hewa, haina pampu ya kuzibwa na gugu, na ina kilo 13.5, ila haina gia ya kurudi nyuma. Mashine ya umeme kwa betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100, siioni kwa mizigo: unatumia nusu ya betri tu usiiharibu, ambayo ni wati-saa 600, karibu nguvu ya farasi moja kwa dakika 48.

Ukinunua iliyotumika, toa skrubu ya chini ya gia kabla hujatoa pesa, na vuta kamba taratibu usikie mbano. Iliyofanya kazi Pwani angalia chumvi nyeupe kwenye njia ya maji chini ya kifuniko. Omba risiti, linganisha namba ya mashine, na uipeleke kwa BMU (kamati inayosimamia ufuo) ya ufuo wako iandikwe, kwa sababu mashine zinaibwa ziwani na isiyo na namba ni vigumu kuidai. Usiku iondoe kwenye boti ulale nayo ndani. Kwa kilo 26 mtu mmoja anaibeba hadi nyumbani, na kwa ile ya farasi 15 utahitaji mtu wa pili.