TAHADHARI: Anayebadilisha cheni za saa mitaa ya Majengo, Dodoma

Ndugu zangu wa Dodoma, kama una saa ya cheni ya chuma na imeanza kulegea, soma hii kabla hujamvulia mtu.

Saa ninayovaa ilikuwa ya marehemu baba. Cheni yake ilikuwa nzito, kila kipande chuma kitupu, si bati lililokunjwa. Mwaka huu ikaanza kulegea, vipande vinacheza. Nikasimama kwa jamaa mwenye kisanduku cha vioo anayezunguka kati ya soko la Majengo na Nyerere Square. Akaitikisa karibu na sikio langu, akasema, "Kaka, hii imekwisha, itakudondoshea saa." Akatoa nyingine inang'aa. Nilipouliza kama ni stenlesi, akaigusisha sumaku, haikunasa. "Si unaona mwenyewe? Orijino." Nikalipa shilingi 35,000. Cheni ya baba akaitupia kwenye droo yake, nami nikaiacha. Hapo ndipo roho inaponiuma.

Sumaku ile ndiyo iliyoniponza. Stenlesi ya saa nzuri, aina inayoitwa 316L, kweli hainaswi na sumaku. Lakini hata shaba hainaswi, hata zinki hainaswi, na cheni nyingi za bei rahisi ni shaba au mchanganyiko wa zinki uliopakwa rangi ya fedha. Neno la stenlesi lililogongwa kwenye kifungo nalo lisikutulize, feki nyingi zinalo.

Wiki ya tatu rangi ikaanza kubanduka pale kifungo kinaposuguana na meza. Chini yake manjano. Ngozi ikawasha, ikabaki alama nyeusi ya duara. Vipande vyake vya kukunjwa vinabana vinyweleo, unasikia kabisa vinang'oka. Tena vipande alivyopunguza alivitoa vyote upande mmoja, kwa hiyo kifungo hakikai katikati chini ya mkono, kimesogea ubavuni. Na vile vipande hakunipa.

Mwisho saa ilianguka nikishuka kwenye bajaji, kioo kikapasuka. Fundi wa Chang'ombe akapima kwa rula mbele yangu: nafasi ya saa inapoingia cheni ni milimita 20, cheni ni ya 18. Ilikuwa inacheza kushoto na kulia mpaka pini ya springi, ile inayoshika cheni kwenye saa, ikapinda na kuchomoka.

Kilichoniumiza zaidi ni alichoniambia fundi huyo baadaye. Vumbi la huku likichanganyika na jasho linaingia katikati ya vipande na kusaga pini zinazoviunganisha kama msasa, kila siku kidogo kidogo. Pini ikikonda, cheni inalegea. Kwa cheni ya vipande vizito kama ile ya baba, mara nyingi anabadilisha pini tu, kazi ya shilingi elfu chache. Haikuwa imekwisha. Ninaamini jamaa alijua, maana aliipima uzito kiganjani kabla ya kusema lolote.

Kwa hiyo, jamani, cheni yako ya zamani usiiache kwa muuzaji, hata akikwambia ni chuma chakavu. Vipande vinavyopunguzwa ni vyako, dai upewe. Jaribu saa mchana wa jua, maana joto likipanda mkono unavimba. Kidole kidogo kipite chini ya cheni bila kulazimisha. Kama cheni inaweza kutolewa kwenye saa, ioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki laini, halafu ikauke vizuri. Ningefanya hivyo mapema, baba angekuwa bado mkononi mwangu.

Nilirudi mara mbili, jamaa anasema hanikumbuki. Cheni ya baba ina mkwaruzo mrefu juu ya kifungo, na kipande cha pili kutoka kwenye kifungo kimegongwa pembeni. Ukiiona inauzwa popote mjini, tafadhali nitumie ujumbe. Nitainunua kwa bei atakayotaja muuzaji.