Kaizari wa mashuka au wa suti?
Kikundi chetu cha mtaani kinataka kuigiza Julius Caesar, ile tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Nyerere 1963, sasa ubishi ni mavazi tu. Mashuka ya Kirumi ni bei chee, ila watu wanaonekana kama wametoka kuoga, na Brutus, mmoja wa wanaomuua Kaizari, akinyanyua kisu shuka linadondoka (tumejaribu, watoto walicheka mpaka basi). Suti je? Orson Welles, mwongozaji wa Kimarekani, aliwavalisha waigizaji wake sare za kifashisti kule New York 1937, mtazamaji anashtuka chap kwamba hii siasa ni ya leo, shida ni zile barua feki za kumchochea anazorushiwa Brutus dirishani, sijui tuzifanye meseji za wasap? Mi nasema poa tu, na Antony, rafiki wa Kaizari anayehutubia umati msibani, apewe maiki ya mkutano.