Seshwari yangu ya kukausha nguo iliandika E3, fundi akaniomba dola 90

Hapa Bukavu mvula ikisha anza mwezi wa kenda njo basi, mpaka mwezi wa tano nguo inakauka kwa bahati. Unafula siku ya posho asubui, unaanika ku kamba, saa saba wingu inafika, unakimbia kutosha nguo, kesho unaanika tena, na siku ya kazi moja mutoto anaenda ku masomo na shati nyeupe yenye iko nanuka unyevu. Niko na batoto watatu benye banavaa bleu-blanc na mwingine wa miezi ine, kwa hiyo hesabu nguo zenyewe. Njo maana nilijikaza nikanunua seshwari ya okazyo (yenye mutu alishaitumia), dola 180, ya kilo saba, ile ya kondensa.

Nianze na mazuri juu iko mengi. Hii ya kondensa haiombe bomba ya kutosha hewa inje, unaiweka tu fasi yenye kuko prize na hewa kidogo. Inavuta hewa, inaipasha moto, hewa inapita mu nguo inabeba unyevu, kisha inaenda ku kondensa inapoa, maji inadondoka na pompe ndogo inaipandisha mu kisanduku ya juu. Siku ya kwanza nilivuta ile kisanduku nikakuta karibu litre mbili na nusu ya maji imetoka mu nguo zenye nilikuwa nimekamua na nguvu yangu yote! Ile maji natumia kupangusa chini, haipotee. Nguo inatoka moto, laini, saa moja na nusu ivi kwa mashati na suruali, nguo za mutoto mudogo mbele ya hapo.

Kisha miezi mbili, mangaribi moja nguo iko ndani, mashine inalia bip bip bip, inasimama, ku ekrani E3. Nazima, nawasha, dakika kumi inazunguka, E3 tena. Niliita fundi mwenye banasifu mu kartie, alikuja, akaangalia ekrani, hakufungua hata visi moja, akasema mama hii karte (ile yenye inaongoza mashine yote) imekufa, dola 90, tutaagiza Kampala. Dola 90 ni nusu ya bei ya mashine yenyewe! Nilimwambia nitafikiri, na roho iliniuma juu nilikuwa nimeweka ile franka muda mrefu.

Dada yangu njo aliniambia yaya, mbele ya kulipa tafuta kwanza ile kode inasema nini. Mu mulango ya mashine, ukiifungua, kuko karatasi ndogo imenatwa na namba ya model, ile namba unaiandika mu telefone na kitabu yake inatoka, yangu ilitoka mu Kifaransa. Na mujue kode haifanane ku marque zote, usisome ya mwingine. Ku LG ukiona d80 ao d90 ni njia ya hewa imezibika 80 ao 90 kwa mia, ku Samsung HE inaongelea mambo ya kupasha moto, ku Whirlpool PF ni umeme ilikatika katikati ya kazi. Ku yangu E3 ilikuwa sonde ya joto, kale kadude kenye kanapima joto ndani. Hapana karte, sonde!

Nilitosha prize ku ukuta kwanza, na ninasisitiza, prize inje kabisa, usiseme nimezima ku buto inatosha. Nikaanza na yenye haiombe tunevisi. Filtre ya mulangoni ilikuwa safi, hiyo naifanya kila mara. Lakini chini kuko kamulango, unafungua, unazungusha vile vifungio mbili, kondensa inatoka nzima kama kirago ya mabati nyembamba. Bamama, nilishangaa. Mwenye aliitumia kabla yangu hakuwai kuitosha, vumbi ya nguo ilikuwa imeshikana rangi ya majivu, nzito, imelowana, imefunga matundu karibu yote. Nilipeleka ku robine, maji ikapita upande moja inatoka upande ingine, dakika ishirini mpaka naona mwangaza ndani ya matundu. Kama hewa haipite joto inapanda ovyo mu mashine, na sonde inaweza kuumia.

Nikarudisha, E3 ikarudia. Hapo nilikata tamaa kidogo, sitaficha.

Kesho yake mutoto wa jirani, anasoma elektrisite, alikuja na multimetre (ya kupimia umeme). Tulitosha tena prize, tukafungua nyuma, akanionesha sonde, kadogo kama punje ya maharagi na waya mbili. Alipima vile inazuia umeme: 11,4 kilo-om. Akasema mama ishike mu kiganja. Niliifunga mu mukono na namba ikaanza kushuka mbele ya macho yangu, 10, 9, 8, mpaka 7 na kitu. Hii aina ikipata joto namba inashuka, ikibaki fasi moja ao ikionesha hakuna kitu njo imekufa. Ya kwangu ilikuwa nzima! Ugonjwa ilikuwa ku kile kiplastiki chenye kinaunganisha waya, chuma yake ilikuwa na kutu ya kijani juu ya unyevu. Alikwangua polepole na kisu kidogo, akakaza, akarudisha. Nilimupa dola 5 na chai. E3 ilienda.

Kwa umeme: mangaribi kwetu inashuka, tulipima 180 volti. Rezistansi (ile yenye inapasha hewa moto) ya wati 2300 ku 230 volti, ukiipa 180 inabakia karibu 1400, kwa hiyo saa moja na nusu inakuwa mbili na zaidi na unazani mashine imeharibika. Mimi nawasha asubui. Na ku grupe (jenereta) ndogo usijaribu.

Mashine naipa nyota ine ku tano. Moja naiondoa juu inakula umeme, zile za pompe ya joto zinakula kidogo kuliko hii lakini bei yake sikuiweza. Yule fundi wa karte simupe kitu, mutu hawezi kuhukumu mashine yenye hajafungua. Mukienda kununua ya okazyo, muombe muuzaji atoshe kondensa mbele yenu, akikataa mutoke.

Sasa tuko mwezi wa ine, mvula ingali inanyesha, kondensa naiosha kila mwanzo wa mwezi, na karte iko ile ile yenye ilikuja nayo.